Rubisi Haina Lebo

Tangu Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe zipandishwe hadhi kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019, kuna wazo linalonikera: rubisi yetu itiwe kwenye chupa, ipewe lebo nzuri, iuzwe kwa watalii kama zile bia za viwanda vidogo vya Ulaya.

Wazo hilo linaidharau rubisi kuliko wale wanaoiita "pombe ya kienyeji" na kuiweka kapu moja na gongo. Rubisi ni kinywaji cha saa. Ndizi za mbire huvundikwa hadi ziive, zikamenywa, zikakanyagwa pamoja na nyasi ndani ya gogo lililochongwa kama mtumbwi. Maji yake matamu, mulamba, hata mtoto hunywa. Kisha hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, hufunikwa kwa majani ya mgomba, na kesho yake ni pombe. Mwanzoni utamu bado unatawala, baadaye ukali unapanda na ladha ya mtama inabaki nyuma ya ulimi, mwisho inachacha. Mnywaji wa Nkwenda au Bugene haulizi tu imetengenezwa na nani, anauliza imefunguliwa lini.

Sasa ichemshe ili idumu miezi dukani. Umeizima. Kilichobaki kinaweza kuwa kitamu (divai ya ndizi ya Arusha ina wateja wake, sina ugomvi nayo), ila hakina jana wala kesho.

Mtalii apelekwe penye mtumbwi, apewe kibuyu. Akikuta imeisha, ale ndizi na maharage, arudi keshokutwa.