Mwigizaji wa Bibi Kizee

Tangu Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini, Agosti 2018, hata ilipotangazwa kwisha Juni 2020, baada ya roho zaidi ya 2,200 kupotea, walikuwapo Beni na Butembo waigizaji wa michezo ya mafunzo, na miongoni mwao mwanamke asiyepewa kamwe nafasi ya bibi arusi, bali ya mjane mkaidi anayekataa maiti ya mumewe izikwe na wageni.

Ilimpasa apinde mgongo, akwaruze sauti ishinde pikipiki za sokoni, achanganye Kiswahili na Kinande, kisha atamke hadharani tuhuma ambayo hadhira iliificha moyoni, kwamba maradhi haya ni biashara, ili ipate kujibiwa. Muuguzi wa mchezo alishangiliwa, yeye alizomewa. Bila yeye, nadhani, mchezo ungalibaki hotuba tu, na hotuba zilikwisha kuwachosha watu.