SHEMESH NA LOOAA: Neno la Kiebrania katika Mahubiri ya Mbulu na Hanang

Miongoni mwa maneno ya Kiebrania ambayo mwanafunzi hujifunza mapema na kuyapita upesi ni shemesh, yaani jua. Mtumishi wa Mbulu na Hanang hana ruhusa ya kulipita hivyo. Kwa Kiiraqw, Looaa ni jua, tena ni jina la Mungu Muumba. Kwa Wabarbaig, Aseeta ni vivyo hivyo. Kutokana na hayo husikika mahubiri yasemayo kwamba wazee wetu waliabudu jua tu, na shahidi huwa Ezekieli 8:16. Tunaona kwamba hoja hiyo imesoma nusu tu ya ushahidi.

Nusu hiyo ni kweli na ni kali. Kumbukumbu la Torati 17:3 hukataza kulisujudia jua, na Yosia aliwaondoa farasi waliowekwa kwa ajili yake (2 Wafalme 23:11). Mwanzo 1:16 haitumii hata neno shemesh, bali hutaja mwanga mkubwa. Tukikumbuka kwamba Wababeli walimwita mungu wao wa jua Shamash, tunaelewa sababu.

Lakini katika Zaburi 84:11 BWANA mwenyewe aitwa shemesh. Wako wafafanuzi wanaosoma hapo “boma”, kwa kufuata Isaya 54:12. Hata hivyo Malaki 4:2 (3:20 katika Kiebrania) husema wazi juu ya jua la haki. Hapo kitenzi zarcha, “litachomoza”, na kiambishi cha “mbawa zake” ni vya jinsi ya kike, ingawa katika Zaburi 19 neno hilohilo ni la kiume. Biblia ya Kiswahili ya 1952 haikuweza kuonyesha jambo hili, kwa kuwa ngeli zetu hazitenganishi kiume na kike. Hatuilaumu. Ila mhubiri anayeitegemea peke yake hatambui kile ambacho msikilizaji wa Kiiraqw angekitambua mara moja, maana Looaa ni wa kike katika sarufi na katika mapokeo.

Je, tuseme basi kwamba Looaa ndiye BWANA? Tusifanye haraka. Jinsi ya sarufi si jinsi ya mtu, na mfano si utambulisho. Malaki anaweka haki na uponyaji ndani ya neno lake. Neno tupu halitoshi.

Kwa hiyo, kabla ya kumhesabu mzee pamoja na watu wa Ezekieli 8, tumwulize kwa heshima: Ulipoomba mvua, ulimwomba nani? Lile linalotua jioni, au Yeye aliyelifanya? Akijibu la kwanza, Torati ina neno kwake. Akijibu la pili, mlango u wazi, nasi tulikuwa karibu kuufunga kwa mikono yetu wenyewe.