Pongezi kwa Wapangaji wa Jukwaa

Wastahili heshima wale wanafunzi wa vyuo vya Marekani ambao, kabla ya mchezo mkubwa wa mwaka mpya, hupanga kwa hesabu na taratibu namna maelfu ya mashabiki watakavyoinua kadi za rangi, hata jukwaa zima likageuka picha moja. Kwani kila aketiye hupewa kadi zake na waraka wa kumwamuru ainue rangi ipi kwa ishara ipi, naye haioni picha anayoichora.

Kazi hiyo ina fahari yake na hatari yake. Tarehe 2 Januari 1961, huko Pasadena, katika mchezo wa kandanda ya Kimarekani uitwao Rose Bowl, mashabiki wa Chuo Kikuu cha Washington waliinua kadi zao kwa utii kamili, kumbe wanafunzi wa Caltech, chuo ambacho hakikuwa na timu uwanjani, walikwisha kuzibadili nyaraka kwa siri; jina la timu yao, Huskies, likasomeka kinyumenyume, kisha, mbele ya kamera za televisheni, likatokea neno CALTECH.

Washington walishinda 17 kwa 7. Lakini hila ile isingalifaulu lau nidhamu ya jukwaa ingalikuwa dhaifu. Kwa hiyo pongezi ni haki ya pande zote mbili.