Mbegu ya Boga Hutengenezwa Alfajiri

Ua la boga limepewa asubuhi moja tu. Hufunguka kunapopambazuka, likakaa wazi, la manjano iliyokolea, hadi karibu na saa nne. Halafu petali zake hulegea, zikajisokota, na halifunguki tena. Likiwa ni ua jike na halikupata chavua katika saa hizo chache, kile kiboga kichanga kilicho chini yake hupauka, kikaanza kuoza nchani na kudondoka siku chache baadaye. Huku Matsangoni wengi husema mvua imezidi, au mdudu amepita. Mara nyingi sababu ni kwamba asubuhi ile hakuna aliyelifikia.

Wa kulifikia, kwa kawaida, ni nyuki. Chavua ya boga ni nzito na inanata, upepo hauwezi kuibeba. Na sisi tunaolima kati ya barabara ya Mombasa na Malindi na msitu wa Arabuko-Sokoke tuna bahati: msitu huo wa kilomita za mraba zipatazo 420 unatuletea nyuki wa asali, vijinyuki wasiouma, na yule mkubwa mweusi anayetoboa boriti za nyumba. Anayetaka boga la kupika kwa nazi na iliki hana haja ya kujisumbua. Walio kondeni alfajiri kabla ya nyuki wanatafuta kitu kingine. Wanatafuta mbegu, nao ndio ninaotaka kuwasifu.

Nyuki hachagui. Ametoka kwenye boga la jirani lenye shingo ndefu, anaingia kwenye langu la mviringo lenye mifereji, na kama yote mawili ni ya jamii moja, yamezaana. (Boga na tikiti haviwezi kuzaana, ingawa wapo wanaoapa kwamba tikiti lao lilipoteza utamu kwa sababu ya maboga ya upande wa pili wa ua.) Kinachonistaajabisha ni kwamba boga lenyewe halisemi lolote. Ganda lake, umbo lake na nyama yake ni vya mama mtupu. Ulipasue, ulipike, ulile: ni lile lile ulilolizoea, tamu na kavu. Baba amejificha ndani ya mbegu. Unazipanda masika yanayofuata, unapalilia, unangoja, na ndipo matunda yanapokuja ya kila namna, mengine yana maji, mengine yana nyuzi. Kosa la asubuhi moja linaonekana baada ya mwaka, na kufikia hapo mbegu ya zamani labda imekwisha. Hivyo ndivyo aina nzuri za maboga zinavyopotea vijijini, bila mtu yeyote kuzitupa.

Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, analima boga alilopewa na mama mkwe wake alipokuja kuolewa hapa. Ni boga bapa, ganda lake la kijivu, nyama yake rangi ya machungwa iliyoiva, na ukilipika halichujuki maji. Amelishika lisibadilike miaka yote hiyo huku limezungukwa na maboga ya kila aina. Nilimfuata kondeni ili nione anavyofanya.

Kazi huanza jioni. Jua likielekea kuzama, maua ya kesho huwa yamefumba bado, lakini ncha zake zimeshaanza kuingia manjano. Dume limesimama juu ya kikonyo kirefu chembamba. Jike liko chini, karibu na shina, limekalia kiboga chake. Hapa ndipo jicho linapofanya kazi. Ua la keshokutwa bado ni la kijani, na ukilifunga umepoteza uzi. Lililofunguka leo limejisokota, na ukilifunga umefungia ndani chavua usiyoijua. Yeye hupita shina baada ya shina bila kusita, akigusa ncha kwa kidole.

“Hili la kesho, mwanangu,” aliniambia. “Lile usiliguse, lishaolewa.”

Kila ua alilolichagua alilifunga nchani kwa uzi uliochunwa kwenye gunia la katani, fundo moja, bila kukaza mno, ili lifike asubuhi likiwa limeiva ndani lakini halijapata mgeni. Kwa kila jike alifunga madume mawili au matatu, tena ya mashina mengine, yote ya boga lile lile la kijivu. Hataki shina lijizalie lenyewe kila mwaka. Anataka ukoo uwe mpana.

Alfajiri tulirudi umande ukiwa bado mzito. Aliyachuma madume kwanza pamoja na vikonyo vyake, akafungua uzi, akazirarua petali moja moja mpaka kikabaki kijiti cha katikati kilichojaa unga. Ndipo akainama kwa jike. Alilifungua taratibu, petali zisipasuke, kwa kuwa zingehitajika tena. Ndani kuna kifundo chenye pande tatu, kila upande umepasuka katikati, uso wake una unyevu unaong'aa. Akakipaka unga kwa kile kijiti pande zote, akikizungusha, akabadilisha dume la pili, akarudia. Nilidhani mguso mmoja ungetosha. Hautoshi. Boga kubwa hubeba mbegu mia kadhaa, na kila mbegu inahitaji punje yake ya chavua. Ukipaka upande mmoja tu, boga hukua limepinda, upande mmoja mnene na mwingine umesinyaa.

Nyuki mmoja alikuwa ameshafika, anazunguka. Mkono wa kushoto wa jirani yangu ulikuwa umelifunika ua kama kifuniko muda wote, na sikuuona ulivyokwenda hapo. Nyuki yule akitua kwenye ua kabla halijafungwa, jioni nzima imekwenda bure, na hakuna dalili yoyote itakayoonekana. Akazikusanya petali, akazifunga tena kwa uzi ule ule, kisha akatoa kipande cha leso chakavu na kukizungushia kikonyo cha jike, kwa nafasi, maana kikonyo hicho kitanenepa. Kuanzia hapo boga hilo lina hadhi yake. Lisilo na kitambaa ni la chungu. Lenye kitambaa halikatwi hata mgeni akija usiku na mboga hakuna.

Anawahi maua jike ya kwanza, akijua kwamba shina lililokwisha kubeba boga kubwa huyaangusha machanga yanayofuata. Katika maua aliyoyafunga asubuhi ile baadhi yalidondoka vile vile. Hilo halimshughulishi, hufunga mengi kuliko anayohitaji.

Kuna kazi za mikono za jinsi hii zilizopata sifa duniani. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, wakati huo kikiitwa Bourbon, kijana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius aligundua namna ya kuchavusha ua la vanila kwa kijiti na kidole gumba: unainua kile kiwambo kinachotenganisha dume na jike ndani ya ua, unabana, umemaliza. Ua la vanila nalo hudumu siku moja. Mimea ya vanila iliyoletwa kutoka Meksiko ilikuwa imekaa kisiwani humo miaka bila kuzaa, na leo vanila ya Madagaska, ya Komoro na ya Uganda huchavushwa kwa mkono kwa njia aliyoivumbua mtoto yule. Aliachwa huru mwaka 1848 na akafa maskini mwaka 1880. Ndugu zetu wa Omani nao wanajua: mtende dume na mtende jike ni miti miwili, na kila mwaka mtu hupanda juu na kupachika vijiti vya maua ya dume ndani ya kole la jike. Huko Shelisheli na Madagaska kuna mmea wa ajabu zaidi, ule wenye majani yaliyogeuka vibuyu vya kunasia wadudu, nao pia una dume mbali na jike mbali. Anayeupanda nyumbani na kutaka mbegu hana budi kupata miwili inayotoa maua kwa wakati mmoja, au kuhifadhi chavua ya mmoja mahali pakavu pa baridi akingoja mwenzake.

Boga ni rahisi kuliko hayo yote, na pengine ndiyo maana hakuna anayelisifu. Vanila ina bei, tende ina bei. Boga linauzwa kando ya barabara, kipande kwa kipande. Mimi naona ustadi wa jirani yangu hauna upungufu wowote mbele ya ule wa shamba la vanila. Wa vanila anatafuta tunda, na tunda litamwonyesha mwaka huo huo kama amefaulu. Huyu anatafuta mbegu, na jibu lake liko mwaka mmoja mbele.

Hata boga likishaiva hamalizi upesi. Huliacha kondeni mpaka kikonyo kikauke kiwe kama kuni na ukucha ushindwe kutoboa ganda. Kisha huliweka ndani wiki kadhaa zaidi, mbegu ziendelee kunenepa humo humo. Zikitolewa huoshwa ule utelezi, mapepe yakatupwa, zikaanikwa kivulini na wala si juani, hadi ukiipinda mbegu inavunjika badala ya kukunjika. Huchanganywa na jivu na kupandishwa kwenye uchaga juu ya meko, moshi uzilinde. Zikiwa kavu hivyo huota hata baada ya miaka minne au mitano.

Na mtunza mbegu kama huyu, kwa muda mrefu, sheria ilimtazama kwa jicho baya. Sheria ya Kenya ya Mbegu na Aina za Mimea, kwa marekebisho ya mwaka 2012, ilifanya kuuza au kugawa mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa la kufungwa hadi miaka miwili au kutozwa faini hadi shilingi milioni moja. Wakulima wadogo walikwenda kortini mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikavitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba. Nilifurahi sana. Lakini ruhusa ya kugawa mbegu haileti mbegu safi. Anayempa mwenzake kibaba cha mbegu zilizochanganyika anampa mwaka wa kazi ya bure, na hapo sheria haiwezi kusaidia; kinachosaidia ni uzi wa katani na kuamka mapema.

Ningependa kazi hii ifundishwe katika vilabu vya kilimo vya 4-K shuleni, ambavyo vilifufuliwa mwaka 2021. Haina gharama. Inahitaji mashina kadhaa ya aina moja, nyuzi, vitambaa, na mwalimu atakayekubali watoto wafike kabla ya kengele. Vidole vya mtoto wa darasa la tano vinaweza kulifungua ua la boga bila kulipasua, pengine kuliko vyangu. Jirani yangu ameshamwanzisha mjukuu wake. Jioni humpa uzi na kumwacha atangulie kuchagua. Yeye hufuata nyuma, akifungua mafundo yaliyofungwa kwenye maua ya keshokutwa na kumweleza kila moja kwa nini.