Jicho la Mtafuta Spea

Datsun 240Z haiuliwi na injini. Ile L24 yake, silinda sita za mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, ni chuma cha kudumu, na fundi anayeijua anaweza kuifumua na kuifunga tena miaka hamsini baada ya kutoka kiwandani ikanguruma vilevile. Kinachoiua ni vitu vidogo: oili sili iliyokauka, bushi iliyolegea, raba ya breki iliyopasuka. Gari linapandishwa juu ya mawe lisubiri kipande kinachoenea kiganjani, mwenyewe akisema ni kwa wiki mbili tu. Wiki mbili zinazaa miaka, kutu inapanda sakafuni, na kuku wanaanza kutaga kwenye kiti cha dereva. Ndiyo maana nikitaka kumsifu mtu anayeyaweka hai magari ya aina hii kwetu, simwendei kwanza dereva, wala fundi. Namwendea anayetafuta spea.

Na gari hili ni letu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa na 240Z. Mwaka 1973 akashinda nayo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews ubavuni, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun 1800SSS. Watu waliosimama kando ya barabara wakala vumbi lile wakiwa watoto sasa ni wazee, na baadhi yao walikuja kuinunua 240Z walipopata uwezo. Tangu 2003 kuna pia East African Safari Classic, mbio za magari ya enzi hiyo, ambako Datsun hukimbizana na Porsche 911 na Ford Escort kwenye njia zilezile za mawe. Kwa hiyo mahitaji ya spea si ya makumbusho. Gari linapigwa, linavunjika, linataka kipande.

Kipande hicho siku hizi mara nyingi kinaanzia safari Guangzhou, China, na anayekileta huenda hata si mfanyabiashara wa magari. Mnunuzi mmoja wa Mombasa ninayemfahamu huenda huko kufunga mzigo wa nguo. Kazi yake iko Shisanhang, mtaa wa jumla ambao huamka kabla ya alfajiri: vibanda vimebanana ghorofa juu ya ghorofa, mikokoteni inasukumwa kwa kelele, mifuko mikubwa ya plastiki inaburutwa ngazini, na adhuhuri ikipita maduka mengi yameshafunga hesabu. Pale anachagua blauzi na suruali kwa kuzigeuza ndani nje, kwa sababu mshono haufichiki upande wa ndani. Mchana, akiwa amelipa wakala, anapanda gari kwenda upande wa mtaa wa Yongfu, kwenye maduka ya vipuri na mapambo ya magari. Mkobani, ndani ya kitambaa, amebeba silinda ya breki ya gurudumu la nyuma, ya zamani, iliyokwisha kazi, aliyopewa na fundi wa 240Z moja.

Ufundi wake unaanzia kwenye kipande hicho kilichokufa. Hafiki dukani akiuliza spea ya 240Z. Gari lile halikuuzwa China enzi zake, na muuzaji kijana wa Yongfu huenda hajawahi kuliona ila kwenye picha. Akitaja jina atapewa jibu la haraka, na jibu la haraka katika biashara ya spea ni la kuogopwa. Anauliza kwa vipimo: kipenyo cha ndani, umbali kati ya matundu ya bolti, aina ya nyuzi. Anauliza pia kwa ukoo. Injini za familia ya L, za silinda nne na za sita, ziligawana vipande vingi, na mdogo wa ile L24 alikuwa ndani ya Datsun 160J na 180B, magari ya nyumbani yaliyojaa barabara zetu. Anayeujua ukoo huo anaweza kupata kwa binamu kile ambacho gari lenyewe halina tena. Elimu hii haiko kwenye kitabu kimoja. Iko kwenye daftari la fundi, kwenye katalogi zilizochanika, na vichwani mwa watu wanaozeeka.

Fundi alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti: “Dada, boksi sitaki kuliona. Boksi lolote linachapishwa. Nimulikie ndani.” Akajibu, “Haya fundi, subiri,” akachomoa pistoni ya silinda mpya aliyopewa dukani, akawasha tochi ya simu, akapiga picha ukuta wa ndani wa silinda. Kisha akapitisha ukucha taratibu. Ukucha unahisi mkwaruzo ambao jicho linaukosa, na mkwaruzo ndani ya silinda ya breki ni kisu kinachosubiri raba. Raba zenyewe akazikunja kati ya vidole viwili akitafuta nyufa za nywele kwenye mkunjo, akazinusa, akakagua kama ukingo wake ni mkali na sawa pande zote. Halafu akatoa mkobani skrubu ya zamani ya kutolea upepo, akaiingiza kwenye tundu jipya kwa vidole, bila spana. Ikaingia mpaka mwisho.

Jaribio hilo la mwisho linastahili maelezo, maana limeokoa pesa nyingi. Bolti mbili zinaweza zote kuwa na unene wa milimita 10 zisilingane hata kidogo. Magari ya Kijapani kwa kawaida hutumia nyuzi za hatua ya milimita 1.25, na bolti iliyozoeleka madukani ni ya 1.5. Ukiingiza moja mahali pa nyingine itakubali mizunguko miwili mitatu, kisha inakaza. Asiyejua anadhani ni kutu, anachukua spana, anatia nguvu, na nyuzi za kifaa kizuri zinaharibika kwa mkono wake mwenyewe. Anayejua anasimama pale kidole kiliposimama.

Skrubu iliingia, ila ukucha ulikuwa umekwisha kuhisi mkwaruzo, kwa hiyo silinda ya kwanza akairudisha. Muuzaji akainama, akatoa nyingine chini ya meza, bei zaidi ya mara mbili. Hapa wengi wetu tungedhani tunaibiwa. Yeye aliichukua, akairudia kazi yote tangu mwanzo, ukucha, raba, skrubu, akaikubali. Alikuwa amekwisha kuelewa miaka mingi iliyopita kwamba Guangzhou kitu kimoja kinaweza kuwa na madaraja matatu au manne, na muuzaji anakupa daraja linalolingana na swali lako. Ukianza kwa kuuliza cha bei ya chini kabisa, umeshachagua.

Nasema hili kwa uzito, kwa sababu neno “ya Kichina” tumeligeuza kuwa tusi. Kiwanda hutengeneza alichoagiza mnunuzi na alicholipia. Brekipedi inayomong'onyoka baada ya mvua moja mara nyingi iliagizwa na mtu wetu, kwa simu, bila kuishika, akibana senti ya mwisho huku akijua itafungwa kwenye gari la mtu mwenye watoto. Lawama yangu iko hapo. Guangzhou yenyewe imekuwa ikiuza kizuri kwa anayeweza kukitambua kwa muda mrefu sana.

Ardhi ya Shisanhang ndiyo shahidi. Kuanzia 1757 hadi 1842 biashara ya bahari ya Wazungu na China ilibanwa kwenye bandari hii peke yake, na hapa, kando ya Mto wa Lulu, ndipo yalipokuwa maghala yao. Walinunua chai, hariri na kauri kupitia wafanyabiashara wachache wenye kibali, na aliyetajirika kuliko wote, Wu Bingjian, aliyejulikana kwa wageni kama Howqua, alijenga jina lake kwa uhakika wa chai yake. Sanduku likifunguliwa London likakutwa bovu, mfanyabiashara wa Guangzhou alidaiwa fidia, ingawa barua na jibu lake zilikula mwaka mzima na zaidi baharini. Familia za Ulaya zilituma michoro ya nembo zao ipakwe kwenye sahani, na seti ikipungua kwa kuvunjika ziliagiza za kufidia, zifanane na zilizobaki. Kufananisha kipya na kilichobaki, rangi kwa rangi, ukingo kwa ukingo, ni kazi ileile ya silinda ya Datsun. Moto wa 1822 uliyachoma maghala, wa 1856 ukayamaliza, na leo mahali pake kuna Bustani ya Utamaduni yenye jumba la makumbusho la Shisanhang lililofunguliwa 2016. Kauri zimewekwa ndani ya vioo. Hatua chache nje yake, watu wanaendelea kugeuza nguo ndani nje.

Watengenezaji wa magari nao wameanza kukiri kwamba gari la kale halijafa. Mwaka 2020 Toyota ilianza kurudisha baadhi ya vipuri vya 2000GT na vya Supra za zamani chini ya jina GR Heritage Parts, na Porsche ina idara nzima ya kazi hiyo. Ni jambo la kushukuru. Ila orodha zao zina mipaka, na mwenye gari wa Changamwe au Moshi bado anahitaji mtu wa kusimama dukani na kusema hapana.

Kusema hapana ndiko kugumu, hasa mbele ya kile kinachovutia zaidi: spea halisi ya zamani, boksi la miaka ya sabini, halijafunguliwa. Moyo unaruka. Kama ni gia au shafti iliyopakwa grisi na kufungwa vizuri, uruke tu, chuma kinavumilia rafu. Raba haivumilii. Joto na hewa vimeifanyia kazi kimyakimya miaka yote hiyo hata kama haikugusa barabara. Beringi nayo huweza kuwa safi machoni huku grisi yake imekuwa gundi. Mnunuzi wangu amewahi kuwekewa mezani raba za breki za aina hiyo, nembo halisi, bei ya kumbukumbu, akazikunja kidogo akaona mstari mweupe ukijichora kwenye mkunjo. Akazirudisha kwa heshima. Niliposimuliwa hilo nilijua ninazungumza na fundi, hata kama hajawahi kulala chini ya gari.

Silinda alinunua mbili, ya kulia na ya kushoto, kwa kuwa breki mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili huvuta gari. Akaongeza seti mbili za raba, zikae mbali na mafuta ya injini, ambayo huvimbisha raba za breki. Kabla ya kuondoka aliandika daftarini vipimo vyote, pamoja na namba ya duka na jina la muuzaji kama alivyolisikia. Nguo zilikwenda kwa meli, silinda zikaja naye kwenye ndege. Fundi alizifunga zote mbili siku moja, akatoa upepo kwenye breki, akalipeleka gari barabarani mpaka Mazeras na kurudi, na jioni akamtumia orodha nyingine: bushi za mbele, pampu ya maji, na sindano za kabureta mbili, na hizo, akasisitiza, asizinunue kabla hajamtumia zile za zamani.