Mwanga Unaosoma Damu

Stima ikipotea usiku, watoto wa Machakos huwasha tochi ya simu na kuiziba kwa vidole. Vidole vinawaka wekundu. Rangi nyingine hufyonzwa nyamani. Nyekundu hupenya, na baada yake upo mwanga wa infraredi, ambao jicho haliuoni lakini hupita sentimita kadhaa ndani ya titi. Juu ya jambo hilo umejengwa ufundi ninaouhusudu mno.

Ukilazwa hospitali ya Machakos Level 5, sista atakubana kidole kwa oksimita, kipimo cha oksijeni ya damu. Namba inatokea: 97, pengine 98. Ndani ya kibanio hicho mna taa mbili, nyekundu ya nanomita 660 hivi na infraredi ya 940. Damu yenye oksijeni huuachia mwekundu upite na kuufyonza zaidi ule wa pili. Damu iliyoishiwa hufanya kinyume. Mjapani Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikuwa akihangaika kuuondoa mpigo wa mshipa uliomharibia vipimo vya moyo. Akatambua kwamba mpigo huohuo ndio unaoitenga damu ya ateri na nyama na mfupa. Kero ikawa chombo.

Kuusoma uvimbe wa saratani ndani ya titi kwa mwanga huohuo ni kazi nzito zaidi. Nyama hutawanya mwanga kama ukungu wa vilima vya Iveti unavyotawanya taa za gari. Miale inayofika kwenye kihisi imekata kona zisizohesabika, na fundi hana budi kupima kilichosalia katika rangi kadhaa, kisha akokotoe kinyumenyume mwanga ulipita wapi na nini kiliufyonza. Anachotafuta ni njaa ya oksijeni. Seli za uvimbe huzaana haraka kuliko mishipa inavyoweza kuzilisha, na oksijeni haivuki mbali na mshipa, kama sehemu moja ya kumi ya milimita au zaidi kidogo. Thomlinson na Gray walilieleza hilo Uingereza mwaka 1955. Uvimbe wenye njaa hiyo huwa sugu kwa mionzi, kwa hiyo kuijua kunasaidia hata tiba.

Bado kazi hii iko zaidi kwa watafiti. Kwetu, titi likishukiwa, ni altrasaundi, mamografia, kisha biopsi. Lakini ikija, ije ikijua ngozi yetu. Mwaka 2020 madaktari wa Michigan, Marekani, walionyesha kuwa upungufu wa oksijeni ulifichika kwa oksimita karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa Weusi kuliko kwa Wazungu. Melanini nayo hufyonza mwanga. Asiyeipima tangu mwanzo hajamaliza kazi, hata picha zake zing'ae vipi.

Nami natamani ije. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walieleza jinsi walivyopima matiti ya wagonjwa siku moja baada ya dozi ya kwanza ya kemo. Pale dawa ilipokuja kufanya kazi, damu yenye oksijeni ilikuwa imepanda ghafla ndani ya uvimbe; pale ilipokuja kushindwa, haikupanda. Mama anayepanda matatu kutoka Mwala kila baada ya wiki tatu, nauli ikiwa ya kuchangiwa, angeweza siku moja kujua mapema kama dawa inamfaa, na daktari akaibadilisha kabla nywele, nguvu na mbuzi wa nyumbani hawajaisha.