Chumba, Mashine na Kanda: Uhakiki wa Filamu za Historia ya Studio za Muziki kwa Mtazamo wa Nyangoto, Tarime

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki filamu za hali halisi na masimulizi yanayohusu historia ya studio mashuhuri za kurekodia muziki. Tangu mwanzoni mwa karne hii, filamu za aina hiyo zimeongezeka kiasi cha kuunda utanzu wenye kaida zake. Swali linaloongoza uhakiki huu ni moja: je, kaida hizo zinatosha kusimulia historia ya kurekodi muziki Afrika Mashariki?

Nadharia inayotumika ni ya upokezi, hususani dhana ya Hans Robert Jauss kuhusu upeo wa matarajio. Kwa mujibu wa dhana hiyo, maana ya kazi hukamilishwa na mpokezi anayeiendea akiwa na matarajio yaliyojengwa na historia yake. Kwa msingi huo, makala yanamweka mtazamaji Nyangoto, kijiji cha Kata ya Matongo wilayani Tarime, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Nyangoto haitajwi katika filamu zinazohakikiwa hapa, na hiyo ndiyo sababu ya kuiteua. Kaida za utanzu huonekana vyema zaidi na mtu ambaye hazikutungwa kwa ajili yake.

2.0 Kaida za Utanzu: Chumba, Mashine na Shahidi

Filamu nyingi za utanzu huu husimama juu ya mihimili mitatu. Wa kwanza ni chumba. Katika If These Walls Could Sing (2022), Mary McCartney anazipa uhai kuta za Abbey Road, studio iliyofunguliwa London mwaka 1931, kana kwamba kuta zenyewe ndizo zinazokumbuka. Mhimili wa pili ni mashine. Sound City (2013) ya Dave Grohl inaifanya meza ya kuchanganyia sauti ya Neve kuwa mhusika mkuu. Studio inapofungwa, mashine hiyo inahamishwa na kupewa makao mapya kama masalia matakatifu. Mhimili wa tatu ni shahidi, yaani mwanamuziki au fundi mkongwe anayeketi mbele ya kamera na kueleza kilichotokea.

Kaida hizi zina thamani. Zimewafundisha watazamaji kwamba wimbo ni kazi ya mikono mingi. Standing in the Shadows of Motown (2002) ya Paul Justman ni mfano bora, kwa kuwa inawarudishia majina wapigaji wa Funk Brothers, ambao kwa miaka mingi walisikika katika santuri za Motown bila kutajwa. Filamu hiyo inauliza nani aliachwa nje ya jalada, na swali hilo linazidi sifa za chumba.

Hata hivyo, pale utanzu unapokaribia swali la ardhi, huligeuza kuwa pambo. Katika Muscle Shoals (2013), Greg Camalier anaeleza mafanikio ya studio za Alabama kwa kurejelea Mto Tennessee. Msimulizi mmoja anasimulia habari za bibi wa ukoo wake, mwanamke wa kabila la Yuchi aliyehamishwa kwa nguvu kutoka kando ya mto huo, asiyesikia mito ya ugenini ikiimba, hata akarudi kwao kwa miguu. Ni simulizi nzito ya kung'olewa katika ardhi, lakini filamu inaitumia kueleza utamu wa sauti ya studio. Mtazamaji wa Nyangoto, aliyeona kaya zikihamishwa kupisha mgodi, anatarajia simulizi hiyo iendelee. Filamu inaiacha na kurudi chumbani.

3.0 Studio ya Taifa na Neno Zilipendwa

Nchini Tanzania, chumba mashuhuri kuliko vyote ni studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Kwa miongo kadhaa, bendi za dansi, vikundi vya taarabu na vikundi vya ngoma vilitegemea mitambo ya redio hiyo ya serikali. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, na studio za biashara zilikuwa Nairobi. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, kufuatia kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kubaki umefungwa hadi mwaka 1983, njia ya kwenda Nairobi ikawa ngumu na uzito wa RTD ukaongezeka.

Ni kweli kwamba chumba hicho kiliathiri sauti. Bendi ilipiga kwa pamoja mbele ya vipaza sauti vichache, na mashairi yalipitiwa kabla ya kurekodiwa. Nidhamu hiyo inasikika hadi leo katika upangaji wa magitaa na tarumbeta. Lakini hoja ya msingi iko kwingine. Kanda haikuwa bidhaa ya mwanamuziki. Ilirekodiwa ili itangazwe, kisha ikawekwa ghalani. Studio za Abbey Road na Motown zilitengeneza santuri zilizokwenda kukaa nyumbani kwa wasikilizaji. RTD ilitengeneza kanda zilizokaa nyumbani kwa RTD. Msikilizaji wa Tarime aliupata wimbo kwa saa aliyopangiwa na redio, na hakubaki nao.

Wahenga (2018), filamu ya Amil Shivji na Rebecca Corey, ni jaribio muhimu la kulitazama suala hili. Kwa kumfuatilia John Kitime, mwanamuziki na mtetezi wa haki za wanamuziki, filamu inaunganisha hifadhi ya zamani na watu wanaoendelea kuishi na muziki huo. Hapo inaupita utanzu wa kigeni, kwa kuwa haiabudu mashine.

Udhaifu unatokana na mipaka ya mada yenyewe. Neno zilipendwa liko katika kauli ya kutendwa: nyimbo zimetajwa, waliozipenda hawakutajwa. Katika matumizi ya kawaida, neno hilo humaanisha dansi la mijini. Ngoma za mikoani, ambazo pia zilirekodiwa na kutangazwa na redio ya taifa, huitwa za asili, kana kwamba hazikuwahi kupendwa wakati fulani na watu fulani, bali zipo tu kama miti. Kwa mgawanyo huo, mpiga gitaa wa Dar es Salaam hupata wasifu. Mpiga litungu wa Tarime hupata jina la kabila.

4.0 Kanda Inaporudi

Masimulizi ya pili yanayofaa kulinganishwa yanatoka Kenya. Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, imetoa mfululizo unaoambatanisha kitabu, nyimbo na filamu, ukiwamo Retracing the Benga Rhythm (2008). Ubora wa mfululizo huo ni kwamba unaanza na mtindo wa muziki na watu wake, ndipo ufike studio.

Mfano unaogusa zaidi ni Chemirocha, wimbo wa wasichana wa Kikipsigis uliorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1950, ambao jina lake limetokana na mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers. Tracey hakuwa na chumba. Studio yake ilikuwa gari na uwanja. Zaidi ya miongo sita baadaye, rekodi hizo zilirudishwa katika jamii zilizoimba. Hapa kilele cha simulizi ni kurudi kwa sauti kwa wenyewe. Hatari iliyopo ni kumfanya mrudishaji kuwa shujaa mpya, kamera ikisubiri machozi ya mzee bila kuuliza nani atamiliki nakala kesho.

5.0 Mtazamo wa Nyangoto

Litungu la Wakurya, lenye nyuzi nane na mlio mzito, halikuzaliwa chumbani. Linapigwa uani, mbele ya watu wanaomjua mpigaji na wanaoweza kumsahihisha akikosea ukoo wa mtu. Kwa sanaa ya namna hiyo, kurekodi ni kuitenganisha sauti na mashahidi wake. Lebo ikiandika "ngoma ya Wakurya" pekee, imehifadhi mlio na kupoteza utungo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mali iko ghalani, daftari ndilo lililokosekana.

Ni rahisi kuifananisha kanda na dhahabu: vyote huchukuliwa na kwenda kuhifadhiwa mbali. Mfanano huo una ukweli, lakini uhakiki makini hauna budi kuonesha unapokoma. Dhahabu ikishatoka ardhini hairudi. Sauti hunakiliwa, na anayeitoa nakala hapungukiwi na kitu. Kwa hiyo, kutorudishwa kwa sauti hakuwezi kutetewa kwa hoja ya uhaba. Aidha, kuna suala la muda. Kijiji ambacho kaya zake zimehamishwa hakiwezi kutegemea kuta kumkumbusha lolote, kinategemea wazee wanaoweza kusikia sauti na kusema, "Huyu ni fulani wa nyumba ya fulani." Wazee hao wakiondoka, kanda itabaki na muziki usio na mtu.

6.0 Hitimisho

Makala yamebainisha kuwa utanzu wa filamu za studio huuliza kilichotokea chumbani, ilhali historia ya Afrika Mashariki inadai swali la pili: kanda ilikwenda wapi baada ya kutoka chumbani? Swali hilo halifuti la kwanza, bali linalikamilisha. Inapendekezwa kwamba watafiti na watengenezaji wa filamu watakaoshughulikia hifadhi za redio waanze kazi kwa kuzipeleka nakala mahali zilikorekodiwa, wasikilize pamoja na wenyeji, na kuandika majina kabla ya kuwasha kamera. Filamu itakayotokana na utaratibu huo huenda isiwe na chumba cha kuvutia wala mashine ya kusujudiwa, lakini itakuwa na jina la mpiga litungu.